Nilipoacha Bugali

Siku mji ulipoambiwa uhame, mlima ulikuwa umeshatapika na kunyamaza, na wengi wetu tulidhani mabaya yamekwisha. Kumbe moto ulikuwa bado unatembea chini ya miguu yetu. Redioni walisema unaweza kutokea popote, hata chini ya ziwa, na kwamba watu waondoke asubuhi ile ile kuelekea Sake. Binti yetu alitangulia na watoto wake. Mimi na mume wangu tulifunga mlango wa nyumba yetu ya mtaa wa Mapendo tukaingia barabarani na mji mzima.

Nilifika Ndosho. Hapo magoti yalikataa. Niliketi juu ya ukuta wa mawe meusi wa mtu nisiyemjua, pumzi imekatika, jasho linanitiririka mpaka kwenye viatu, huku watu wakipita na magodoro, mbuzi, wagonjwa mgongoni. Mume wangu akaketi kando yangu. Nilimwambia aende. Akatazama viatu vyake. Nilimwambia tena, kwa sauti iliyowafanya wapita njia wageuke.

"Miye nitaenda wapi bila weye?" akasema.

Alisema kwa upole, na wengi niliowahadithia wanaona ni maneno mazuri. Mimi yalinikasirisha. Sikumwomba mtu yeyote afe na mimi. Alipoketi pale, maisha yake yaliwekwa juu ya magoti yangu, na magoti yenyewe yalikuwa hayawezi kubeba hata mwili wangu. Jioni tulirudi nyumbani polepole, tukaishi katika mji mtupu uliokuwa ukitetemeka, sakafu imepasuka kutoka mlangoni hadi jikoni. Moto haukutokea. Lakini nilikuwa nimeamua. Mara nyingine, na Goma mara nyingine haikosi, nitatembea kwa miguu yangu mwenyewe, ili mzee yule asipate tena sababu ya kuketi.

Sikuwa hivyo zamani. Mlima ulipopasuka ule mwaka mwingine, moto ukapita katikati ya mji na kula mtaa wetu wote, nilikimbia na mtoto mgongoni na sufuria kichwani, na sikumbuki kuchoka. Unene ulikuja baadaye, pamoja na amani kidogo na mshahara wa mume wangu, aliyekuwa karani katika ghala la wasafirishaji. Na hapa kwetu mwanamke akinona anayesifiwa ni bwana wake. Tukienda misa, kitenge kimenikaa sawasawa, wanaume walimpa mkono mume wangu na kumwambia anatunza mama vizuri. Naye alifurahi. Mimi pia nilifurahi, kwa nini nidanganye.

Kwa hiyo mtu wa kwanza kuniambia nipungue alikuwa muuguzi wa kituo cha afya, msichana wa upande wa Bukavu ambaye sikuwahi kuyaona meno yake. Alinipandisha kwenye mizani, akanitoboa kidole, akatazama kile kimashine chake. Sukari ilikuwa inapanda. Magoti, alisema, hayana ugonjwa wao wenyewe, yamechoka kunibeba tu. Kisha akaanza kunikataza. Bugali niache. Viazi niache. Mihogo, wali, mkate, ndizi za kupika, maharagi nisizidishe, na bia ya ndizi nisiiguse. Nilimuuliza kama bado kuna chakula kilichobaki duniani. Alisema majani, samaki, mayai, avoka na fromaji, ile jibini ya maziwa ya ng'ombe. Nilimuuliza kuhusu bugali kidogo tu, ya jioni. Alisema umri wangu hauna tena nafasi ya kidogo.

Nilitoka pale nimemkasirikia kama mtu aliyeniibia. Anayezaliwa kwetu Rutshuru hafundishwi kwamba bugali ni chakula kimojawapo. Bugali ndicho chakula, na vile vingine ni vya kuisindikiza ishuke. Ukila samaki na majani bila bugali, ukiulizwa kama umekula, utajibu hapana, na hutakuwa umesema uongo.

Lakini niliacha. Majuma ya kwanza kichwa kiliniuma, mikono ikatetemeka, na nikawa na hasira hata kwa kuku. Saa ya jioni jirani akisonga, nikisikia mwiko unagonga sufuria, machozi yalinitoka. Mume wangu alikula yake na mimi nikala lenga lenga, mchicha wetu, na yai, kila mtu na sahani yake, kama watu waliogombana. Nilikula fromaji ya Masisi mpaka nikaichukia. Nilikula sambaza, vile visamaki vya ziwani, mpaka nguo zangu zikanuka.

Mwanzoni mwili ulishuka haraka, nikajisifu. Halafu ukasimama. Nilikula majani yale yale na yai lile lile, mizani ya muuguzi ikabaki pale pale, mwezi baada ya mwezi. Kijana akikata chakula anakonda kabla ya Jumapili. Mwili wa mzee unashika mafuta yake kama mtu anayejua vita inakuja. Muuguzi alisema nivumilie. Nilimwambia aje avumilie yeye. Hata hivyo nikawa ninatembea kila asubuhi kwenye yale mawe makali ya mtaa wetu, kwanza hadi kwenye bomba la maji, kisha hadi kanisani, kisha mbali zaidi. Polepole sana, kwa roho mbaya kabisa, mwili ukaanza tena kuondoka.

Hapo watu wakaanza kuogopa. Akina mama wa shirika letu la sala walikuja nyumbani wakaketi wamekunja mikono, wakaniuliza ninalala vipi. Mmoja alileta uji. Nilipokataa uji, walitazamana. Kwetu Kivu, mtu akikonda polepole bila homa, neno la kwanza linalokuja ni sumu. Tunaiogopa kuliko risasi, maana risasi unaisikia. Ndiyo maana hapa anayekupa kinywaji hukifungua mbele yako na kukionja kwanza, na anayekupa chakula hutia mkono wake sahanini kabla ya wako. Si adabu tu, ni kukuonyesha kwamba kama kuna kifo humo, atakufa yeye kwanza. Wale mama wakamwita mume wangu pembeni wakamshauri anipeleke kwa mganga wa Masisi anayetapisha sumu. Aliwaeleza habari za sukari na magoti. Waliitikia kwa heshima na hawakuamini hata kidogo.

Wakati huo waasi walikuwa wamerudi upande wa Rutshuru. Tulisikia vijiji vikitajwa kimoja kimoja, kila wiki karibu zaidi na njia kuu, mpaka siku moja kikatajwa Kalengera, nyumbani kwa mume wangu. Dada yake mkubwa aliishi huko, mjane, na shamba lake na ng'ombe wake mmoja. Alifika kwetu kwa miguu, na mkeka wa kulalia kichwani na vumbi mpaka kwenye nyusi. Ng'ombe alibaki. Nyumba aliiona ikiwaka alipogeuka nyuma, akaacha kugeuka.

Nilimpikia vizuri. Nilisonga bugali ya muhogo na mahindi, laini kama anavyoipenda, nikapika sombe, majani ya muhogo, na kukaanga sambaza. Nilimnawisha mikono. Kisha nikaketi na sahani yangu ya majani na yai. Wifi yangu alitazama sahani yake, akatazama yangu, akanitazama mimi usoni, kwenye mashavu yaliyokuwa yameingia ndani. Akasema njia imemtoa hamu ya kula. Kesho yake alisema tumbo linamuuma. Siku iliyofuata nilimwona nyuma ya nyumba anakula ndizi mbivu aliyoimenya mwenyewe, na ndipo nilipoelewa. Kitu unachokimenya mwenyewe hakiwekwi sumu.

Nilimfuata pale pale. Nilimweleza habari ya muuguzi, habari ya sukari katika damu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Sukari haiko ndani ya bugali," akasema. "Miye niko mutu muzee. Siwezi kula chakula yenye mwenyewe hakulaka."

Nilimwambia kwamba ndugu yake anakula kila siku na yuko hai. Alijibu kwamba mwanaume anakula kile anachopewa, hajui. Halafu akauliza, kwa sauti ya chini, ni nani anayenikondesha katika nyumba hii, kama si mimi ndiye ninayekondesha wengine. Nilikuwa nimetumia miaka nikipigana na tonge moja moja ili ndugu yake asife kwa ajili yangu, na huyu mama amekuja kunitazama kama mchawi. Kwa mara ya kwanza tangu niolewe nilimgeuzia mkubwa wangu mgongo.

Asubuhi mkeka wake haukuwepo. Alikuwa amekwenda kambini, kule nje ya mji, juu ya mawe ya mlima, ambako watu wa Rutshuru waliishi chini ya vibanda vya plastiki. Mume wangu hakunilaumu. Alikula kidogo, akavaa koti lake, akakaa mlangoni. Majirani walijua kabla ya mchana: kuna mwanamke ameona afadhali plastiki kuliko sahani ya mke wa ndugu yake.

Nilivumilia kwa muda, kwa kiburi. Kisha mvua zikaanza, watu wakasema kambini kuna kipindupindu, na usiku nikawa simsikii mume wangu akikoroma. Nikafunga kitambaa kichwani, nikaenda kwa miguu. Nilipopita Ndosho ule ukuta wa mawe ulikuwa bado upo. Sikuketi. Nilikasirika na huku ninafurahi, miguu yangu inakwenda tu, magoti yanalalamika lakini yanakwenda, na nilitamani mume wangu angekuwa kando yangu aone.

Nilimkuta wifi yangu mbele ya kibanda ambacho ningeweza kukifunika kwa vitenge viwili, anasonga unga wa msaada juu ya mafiga matatu. Moshi ulikuwa mwingi. Aliniona, hakusimama. Aliipua bugali, akaweka sahani moja tu chini katikati yetu, na majani kidogo yasiyo na mafuta. Akakata tonge, akala, akameza, akanisukumia sahani. Majirani wa vibanda waliacha kufanya walichokuwa wanafanya.

Ningeweza kusema tena habari ya sukari. Nilitazama mikono ya yule mama, ilivyokauka, nikakata tonge. Sitadanganya kwamba niliteseka. Ile bugali ya unga wa ngano mbovu na mahindi ya meli, iliyonuka moshi, iliniingia mwilini kama mtu aliyerudi nyumbani. Nilikula la pili na la tatu. Nililia na kuendelea kula, na wifi yangu alikula nami mpaka sahani ikawa nyeupe. Halafu akaingia kibandani akakunja mkeka wake.

Nyumbani niliweka sharti moyoni mwangu: tonge moja tu, la kumwonjea, kisha nirudi kwenye majani yangu. Lakini machoni pa mtu aliyeogopa, tonge moja ni sumu kidogo tu, mpishi anaweza kuihimili. Nikiacha kula, wifi yangu naye mkono ulisimama. Nikikata, naye alikata. Alikuwa amebaki mifupa, na kila tonge nililomeza lilimshushia na lake. Kwa hiyo nikala. Nyama ikarudi mashavuni pake, na mwilini mwangu ikarudi mara mbili. Akina mama wa shirika walimshukuru Mungu kwamba nimepona. Muuguzi alitazama mizani akaniuliza kama ninacheza. Nilijaribu kupunguza kwingine, niliacha chai ya maziwa, niliacha mandazi, nikazidisha kutembea. Lakini pia fromaji ya Masisi ilikuwa imeacha kufika kwa sababu ya vita, ziwani wavuvi walikatazwa mara kwa mara, na kilichobaki sokoni ni kile alichonikataza. Chakula cha kukonda ni cha watu wenye amani.

Nilizungumza na mume wangu waziwazi. Nilimwambia bado ninaweza. Kanisani ninakwenda na kurudi. Nilifika kambini, si nilifika? Alisema ndiyo. Alisema kama mtu anayekubaliana na mtoto.

Halafu waasi walifika mjini kwenyewe. Umeme ulikuwa umekatika, na maji pia. Kwanza tulisikia mizinga nje, kisha juu ya paa, kisha milio ya bunduki kutoka upande wa Katindo, kwenye kambi ya askari, na sisi watatu tumelala ukumbini kati ya kuta mbili. Njia ya Sake ilikuwa imefungwa. Kukawa na utulivu asubuhi moja, na majirani wakaanza kutoka na mizigo kwenda mpakani, ambako watu walisema wanawaruhusu kuvuka. Mpaka si mbali na kwetu. Wifi yangu alikuwa amesimama tayari mlangoni, mkeka kichwani.

Nami nilisimama. Ilinibidi nishike ukuta, maana tulikuwa tumelala sakafuni muda mrefu, na magoti yalikuwa yamekaza. Mume wangu aliyatazama. Aliyatazama tu, lakini nilijua ameona nini: alimwona yule mwanamke wa ukutani kule Ndosho.

"Ngojeni," akasema. "Natafuta motari, hata ya kukubeba weye peke yako."

Nilimwambia hakuna mwenye pikipiki atakayekuwa barabarani siku kama ile. Alikuwa anavaa koti. "Papa, nitatembea," nikamwambia. Alitabasamu, akanigusa bega, akasema hatakawia. Dada yake pia alimwita. Nilitoka mpaka kwenye ua ili anione ninatembea, lakini alikuwa ameshafika kwenye kona na hakugeuka.

Bunduki zilianza tena muda mfupi baadaye. Hatukuenda mpakani. Mimi na wifi yangu tulirudi ukumbini tukakaa. Aliyetuletea habari ni jirani mwanamume, aliyetambaa kutoka ua mmoja hadi mwingine. Alisema muzee alikuwa ameshafika barabara kubwa, anamwita mtu wa pikipiki aliyejificha ndani ya lango, na risasi haikuwa yake wala ya yeyote, ilikuwa inapita. Hatukuweza kwenda kumchukua. Waliokusanya miili walimchukua kabla yetu, na kwa muda hakuna aliyeweza kutuambia amelazwa wapi.

Watu waliponiambia poleni, wengine waliongeza kwamba alikufa kwa upendo. Niliwaacha waseme. Ninamkasirikia mpaka leo, na sina mtu mwingine ninayemtaka zaidi ya yeye.

Milio ilipokwisha, mabwana wapya wakiwa barabarani na magari hayajaanza kutembea, nilitoka kumtafuta. Wifi yangu alikuja nami. Tulipita Birere, maduka yamevunjwa, vipande vya vioo na unga uliomwagika njiani. Hospitali ya kwanza hayupo. Tukaelekea ya pili, mbali zaidi, jua limepanda. Wifi yangu alichoka, akaomba tupumzike kidogo kwenye kivuli. Nilimwacha hapo, nikamwambia nitamkuta. Nilifika peke yangu kwenye lango la chumba cha maiti, ambako palikuwa na watu wengi na mlinzi mmoja aliyejifunga kitambaa puani. Aliniona nilivyo mnene, nilivyolowa jasho, akamwondoa mtu kwenye benchi ili niketi.

Nilimwambia siketi. Nilimwambia ninamtafuta bwana yangu, muzee mwenye koti.

"Mama, umetoka wapi?"

"Mapendo."

Akatazama nyuma yangu, barabarani, akitafuta kilichonileta. "Na miguu?"

"Na miguu," nikamjibu. Akafungua lango.